Aliyetoka Kwanza

Siku tuliyomzika Mwalimu, mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia ya kushuka kutoka barabarani hadi kihambani kwake, shamba la nyumbani, ilikuwa tope tupu, na viatu vyangu vyeusi, vya pekee nilivyokuwa navyo vya kwendea shughuli, viliishia palepale. Hakuna aliyenitazama. Mtu mmoja alisogeza simu kwenye kipaza sauti, ikasikika sauti ya yule binti wa Kahe, mwanafunzi wake wa zamani, huko Ulaya aliko, ikisema, "Mwalimu wangu, umefanya kazi. Sasa pumzika." Basi! Kilio kikaanza mbele kikafika hadi nyuma. Akina mama ambao hawajui elektroni inaliwa au inavaliwa walijifuta macho kwa khanga. Nami nimesimama na tope hadi magotini, bega linaniuma, nikasema moyoni: hata leo, aisee? Hata leo?

Nisiwazungushe: nina wivu. Ninamwonea wivu yule binti tangu siku aliponyoosha mkono darasani, na kuna siku nilimwonea wivu hata marehemu mwenyewe. Wasifu wake ulisomwa pale kaburini na mtoto wa kaka yake. Ulitaja alizaliwa wapi, alibatizwa na padri gani, ukoo wao umeshuka kutoka kwa nani. Hayo yamekwisha kusemwa na mimi sitayarudia. Nitasema ninayoyajua mimi, niliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza kuipenda fizikia, kisha nikawa mwalimu mwenzake katika shule ileile ya sekondari hapa Kilema, tukikaa meza moja hadi alipostaafu. Walimu wako wengi huku kwetu, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza jina, hata muuza ndizi wa sokoni anajua unamsema nani.

Alikuwa mfupi, na alivaa sweta hata Januari wakati jua linachoma hadi huku juu. Sweta lile lilikuwa na mifuko miwili mikubwa aliyoshonewa na dada yake. Mfuko wa kulia ulikuwa na punje za kahawa kavu. Wa kushoto ulikuwa na jiwe jeusi la mtoni, la mviringo, lililolainika kwa kushikwashikwa. Kahawa alilima maisha yake yote na sijapata kumwona akiinywa. Yeye ni chai ya maziwa tu, tena ya rangi ya kutisha. Ukimuuliza, anakujibu, "Kahawa ni ya kufundishia."

Jambo jingine alilokuwa nalo ni uchoyo wa sifa. Mae! Nimeona wachoyo, lakini yule alizidi. Ukifanya hesabu ngumu ukapata, ukampelekea daftari huku moyo unadunda, anasoma mstari kwa mstari, anakurudishia, anasema, "Haya." Hiyo ndiyo sifa. Hakuna vizuri, hakuna hongera. Haya. Wanafunzi walikuwa wanaishi kwa hiyo Haya. Nilipopeleka matokeo yangu ya kidato cha sita alikuwa anakamua ng'ombe. Alifuta mikono, akaisoma ile karatasi juu mpaka chini, akasema, "Haya," akarudi kwa ng'ombe wake. Nami nilikwenda nyumbani nikiruka mifereji kwa furaha. Sikujua kwamba Haya zipo za aina mbili, na kwamba mimi nimepewa ile ndogo.

Nieleze sasa somo lenyewe, kwa kuwa ugomvi wote uko humo.

Kila mwaka, kidato cha sita wanapokaribia kumaliza, Mwalimu alifundisha kipindi kimoja kisichokuwamo kwenye mtihani. Wanafunzi walikiita Somo la Jiwe. Mkuu wa shule mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, hilo halitatoka." Akajibu, "Ndiyo maana nafundisha mara moja tu." Alifunga mlango, maana ukutani palikuwa na tangazo la kukataza Kiswahili na yeye somo lile hakulifundisha kwa lugha nyingine. Kisha alitoa jiwe, akaliweka katikati ya meza. "Hiki ni kiini cha atomu. Hii ndiyo nyumba, na humu ndimo ulimo moto." Akachomoa punje za kahawa, akazipanga kwa duara kulizunguka jiwe, duara la ndani, la pili, la nje zaidi. "Na hawa ni elektroni. Huyu anakaa jikoni, karibu na moto. Hawa wanakaa kwenye migomba. Wale kule wako mwisho kabisa, mpakani, kwenye masale."

Mtoto yeyote wa mlimani aliiona picha hiyo palepale. Kihamba ndivyo kilivyo: nyumba katikati, migomba inaizunguka, kahawa chini ya migomba, na mpakani mstari wa mimea ya masale ambao hakuna mwenye akili timamu anayethubutu kuung'oa.

"Huyu wa jikoni hatoki kwa kubembelezwa," aliendelea. "Lakini ukileta mwanga mkali, mwanga wa eksirei, unamtoa." Akaidona kwa kidole punje ya duara la ndani, ikaruka hadi chini ya dawati la mtu. "Haya, nafasi ya jikoni iko wazi. Nyumba inakaa wazi?"

Darasa zima: "Haikai!"

"Haikai. Mmoja wa huku nje anaingia." Anaisogeza punje ya duara la pili hadi ndani. "Ametoka kwenye baridi, amefika kwenye moto. Ile nguvu aliyokuwa nayo kule nje haihitaji tena. Anaipeleka wapi? Mara nyingine anaitoa kama mwanga, basi, imekwisha. Lakini mara nyingine anamsukumia jirani. Na jirani aliyesukumiwa anatoka mbio." Punje nyingine inaruka, hii kwa kasi, hadi ukutani. "Mwanga umemtoa mmoja, wametoka wawili. Huyu wa pili hakuguswa na mwanga hata kidogo. Ametolewa na mambo ya nyumbani."

Hapo darasa lilikuwa linacheka hadi machozi. Nani hakuyajua mambo ya nyumbani? Kwetu nyumba ya baba huachiwa mtoto wa mwisho. Wa kwanza hukatiwa kipande chake mapema, akajijenga. Wale wa katikati hutafuta pa kwenda, na ndio unaowakuta Tarakea wakivusha bidhaa mpakani, ndio unaowakuta Dar na maduka, na kila Desemba wanarudi na magari. Mwalimu hakuhitaji kusema zaidi. Alikusanya punje zake, akarudisha jiwe mfukoni, na somo likaisha.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nilikwenda chuo Dar es Salaam nikiamini kwamba somo lile limekamilika. Niliporudi kufundisha hapa, kila mwaka nilikaa kiti cha nyuma nimsikilize tena, na kila mwaka lilikuwa vilevile, hadi akafika yule binti.

Alitoka Kahe, huko tambarare kwenye mashamba ya mpunga, na muhula mzima wa kwanza alilalamika baridi. Hakuwa Mchaga wa kihambani. Kwao wanagombea zamu za maji, hawagombei nyumba. Labda ndiyo sababu hakucheka pale wenzake walipocheka. Mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kukusanya punje zake, mkono ukanyooshwa dirishani.

"Samahani, Mwalimu. Na yule wa kwanza?"

"Wa kwanza yupi?"

"Yule aliyetolewa na mwanga. Sisi sote tumemtazama huyu anayekimbia. Wakati huyu anakimbia, yule aliyetoka kwanza amefika wapi?"

Mwalimu aliiacha ile punje aliyoishika. Alitazama chini ya dawati, mahali ile punje ya kwanza ilipokuwa imeangukia, kama vile ndiyo kwanza anaiona leo. "Haya," alisema. Mimi nikadhani yamekwisha. Halafu akasema tena, taratibu, "Haya."

Mbili! Mimi niko nyuma na daftari langu la maandalio, mwalimu mzima na shahada yangu, nasikia Haya ya pili kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na haielekezwi kwangu.

Kumbe somo lilikuwa na nusu nyingine. Aliifundisha siku hiyo, amesimama, hana habari na kengele. Alisema ukileta mwanga mkali kupita kiasi, wa kwanza hutoka mbio na hakuna atakayemfikia. Lakini ukileta mwanga unaotosha tu kumtoa, bila ziada, hutoka akitembea, polepole, kama mtu aliyeaga lakini bado anageuka kutazama nyumbani. Yuko njiani hivyo, huyu wa pili anachomoka nyuma yake mbio. Anamfikia. Anampita. "Na wanapopitana," alisema, "mambo yanabadilika kwa wote wawili. Kabla hajapitwa, huyu wa polepole alikuwa anavutwa na nyumba iliyopungukiwa na mtu mmoja. Sasa yule mwingine yuko mbele yake, na nyuma yake kuna nyumba iliyopungukiwa na wawili. Inamvuta zaidi. Anazidi kupunguza mwendo. Na ile nguvu anayopoteza, unajua inakwenda wapi? Anaipata yule aliyempita. Hakipotei kitu." Akaisukuma punje ya kwanza kwa kidole, ikirudi, ikirudi, hadi kwenye duara la nje. "Na akiwa wa polepole sana, anarudishwa kabisa. Lakini harudi jikoni. Jikoni pana mtu. Anakaa kule mwisho, mpakani."

Mimi nilifundishwa nusu, jamani. Nilitoa uangalifu wangu wote, ujana wangu wote, nikapewa nusu, kwa sababu tu sikuuliza swali ambalo msichana wa tambarare aliuliza huku amejifunika shuka la Kimasai kwa baridi.

Na baya zaidi, kuanzia mwaka ule alizifundisha nusu zote mbili, na kila alipofika kwa yule wa polepole mimi nilijisikia nasimuliwa. Nani aliyetoka kwanza hapa shuleni kwenda kusoma fizikia? Mimi. Nani akarudi akakaa? Mimi. Yule binti alichomoka baadaye, akapita chuo cha Dar kama upepo, akapata nafasi Ulaya, na huko akaingia kwenye jengo lenye mashine ya duara, kubwa kama uwanja wa mpira, inayotengeneza mwanga wa eksirei. Kazi yake ni nini? Kuwatazama elektroni wakipitana. Jambo lilelile! Kati ya kazi zote za dunia.

Kila Jumapili baada ya misa Mwalimu alikaa nje, simu ameiegemeza kwenye kikombe cha chai, anaongea naye. Nilikuwa nikifika na ndizi au maziwa namkuta. "Ngoja, mangi," ananiambia, kama wanaume wa huku tunavyoitana, bila hata kunitazama. Nangoja. Akimaliza ananisimulia kana kwamba nimeomba. "Wanawaona, mangi! Wanawaona wakipitana! Wanapima aliyepunguza mwendo amepoteza kiasi gani na aliyezidisha amepata kiasi gani, na hesabu inakubali." Macho yanang'aa. Mimi nimemletea mkungu mzima wa ndizi begani.

Kuhusu kung'ang'ania kwake, nitaeleza la hospitali. Alipata kikohozi kisichotaka kuondoka. Daktari wa Moshi mjini akataka picha ya kifua, Mwalimu akakataa katakata. "Mimi najua kinachotokea mle ndani," alisema. "Picha moja, na watoto wasiohesabika wanafukuzwa jikoni kwao. Kwa ajili ya kikohozi?" Nilimwomba. Nilimletea dada yake, akamwomba. Nilimletea padri, wakaishia kujadili uumbaji hadi padri akasahau kilichomleta. Nilikaribia kupiga magoti. Jumapili yule binti akapiga simu. Sijui walisemezana nini. Jumatatu asubuhi nimepita zangu, namkuta amevaa koti, amesimama getini. "Unachelewa," ananiambia. "Twende Moshi."

Nilimpeleka mimi. Nilimngojea mimi kwenye benchi. Tukirudi alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka harusini. "Binti aliniambia kwamba kwenye picha ile wako watakaotoka polepole na kupitwa. Kifuani mwangu, mangi! Nilidhani niliwaacha Ulaya, kumbe natembea nao." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa natazama dirishani ili asiione sura yangu.

Ndiyo, hata yeye alifika Ulaya. Hilo huku wanalijua watu wazima wote, ingawa yeye alilisema kwa maneno mawili tu: "Nilikwenda, nikaitwa." Akiwa kijana alikuwa kwenye jengo la namna hiyohiyo, akisomea jambo hilohilo, na wenzake wazungu wakimtegemea. Baba yake akafariki. Mwalimu alikuwa mtoto wa mwisho. Alikuja kuzika na sanduku moja dogo, ana tiketi ya kurudi mfukoni. Wazee wa ukoo wakakaa naye chini ya paa la baba yake, wakamwambia nyumba haiwezi kubaki bila mwenye kuwasha moto. Kaka zake walikuwa wamekwisha kujenga kwao. Basi alikaa. Akawasha moto, akakamua ng'ombe, akaomba kazi ya ualimu. Tangu hapo hakulala nje ya kihamba. Yeye aliyewasukuma watoto wa watu waende mbali, hata harusi ya Moshi mjini aliaga saa kumi ili awahi kukamua. Sijapata kumsikia akijuta, wala kumsikia akisema amefurahi.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitaka, msidhani nalalamika bure. Nilitaka lile somo. Alipostaafu, aliniachia vipindi vyote, kabati, funguo za maabara, kila kitu, isipokuwa Somo la Jiwe. Hilo alikuja kulifundisha mwenyewe kila mwaka, akipanda taratibu na fimbo yake. Mwaka mmoja homa ilimlaza siku ya somo. Nilikwenda kitandani kwake, nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Naweza kukusaidia leo. Nalijua lote." Akasema, "Marahaba. Subiri." Tu. Somo likaahirishwa hadi alipopona. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma tangu nina nywele nyeusi hadi zimeanza mvi, na bado naambiwa subiri.

Desemba iliyopita miguu yake ilikataa kabisa. Kila mtu alijua kwamba mwaka unaofuata hataweza kupanda shuleni. Ikawa ni msimu ule wa watu kurudi, magari yamejaa njiani, kila boma kuna mbuzi, na yule binti naye yuko likizo kwao Kahe. Mwalimu akanitumia ujumbe kwa simu: "Njoo Jumamosi. Yeye pia nimemwita. Nataka kugawa."

Kugawa! Neno hilo kwetu mzee halitamki ovyo. Mzee akisema anataka kugawa, watoto wanapiga pasi mashati. Nililala vibaya wiki nzima. Mke wangu akanicheka, "Baba watu, unakwenda kugawiwa kihamba cha elektroni?" Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu. Mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, na nimekwisha kukatiwa kipande changu: vipindi, kabati, funguo. Yule binti alikuwa darasa la mwisho alilolifundisha kabla ya kustaafu. Ndiye mtoto wa mwisho. Na mila inasemaje? Nyumba ni ya wa mwisho. Nilishuka kwa Mwalimu nikijua ninachokwenda kukiona.

Nilimkuta binti amefika, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori kama yuko kwao. Akasimama, akaniamkia shikamoo, kwa heshima zote, na hata hiyo shikamoo iliniuma. Ilikuwa kama kunikumbusha kwamba mimi ni mzee wa hapahapa. Tukala. Mwalimu hakula sana. Baada ya hapo akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa lile sweta, akatoa jiwe, akaliweka gotini.

"Kwetu," alisema, "nyumba huenda kwa wa mwisho."

Nikatazama chini. Nikasema kimoyomoyo, haya, yametimia.

"Mimi nilikuwa wa mwisho," akaendelea. "Najua maana yake."

Kisha akanyoosha mkono, akaliweka lile jiwe kwenye kiganja changu. Lilikuwa na joto la mwili wake. Nilimtazama binti. Sura yake ilikuwa imebadilika, midomo imekazwa, na huyu ni mtu mzima mwenye kazi kubwa Ulaya, akasema kwa sauti ya mtoto, "Na mimi, Mwalimu?"

"Wewe nenda," Mwalimu akamjibu.

Aliinuka, akakusanya bakuli zote, hata la Mwalimu ambalo halijaisha, akatoka nazo nje bombani. Tukasikia maji yanamwagika kwa nguvu zote.

Nilikuwa nimeshinda. Nilichokitaka kiko mkononi. Ningenyamaza tu, nikaaga, nikaenda kumwonyesha mke wangu. Lakini mwenye wivu hajui kunyamaza. "Kwa nini mimi, Mwalimu?" nikauliza. Nilitaka anisifu. Hakika nilitaka tu hilo.

"Nikimpa jiwe, atarudi," alisema. "Namjua yule. Ataacha kazi yake kule, aje hapa afundishe mara moja kwa mwaka watoto wanaocheka. Atasema Mwalimu ameniita. Mimi niliitwa, nikarudi, sikumlaumu mtu. Lakini yule simwiti. Yule nataka aende mpaka mwisho, asivutwe na kitu chochote cha nyuma."

"Na mimi?"

"Wewe umekwisha kurudi, mangi. Wewe upo."

Kwa hiyo nimepewa kwa sababu mimi sina pa kwenda! Yeye amenyimwa kwa sababu anapendwa kiasi cha kuachiwa. Hata nyumba nimepewa, na bado mwenye bahati ni yeye. Nilitaka kulirudisha lile jiwe gotini kwake.

Mwalimu akasema, "Usimwambie. Mwache anikasirikie."

Nikatoka nje. Nilimkuta ameinama kwenye bomba, bakuli moja analisugua na kulisugua ingawa limetakata. Hakugeuka. "Amesema nini?" akaniuliza. "Nilimkosea wapi? Nilikuwa nimejiandaa, kaka. Nilikuwa nimesema akinipa, naomba uhamisho, narudi. Ningekaa hata Kahe, ningepanda kila mwaka." Akajifuta pua kwa kiwiko. "Unajua siku zote nimekuonea wivu? Wewe unakaa naye. Unamletea maziwa, unampeleka hospitali. Mimi nina sauti tu kwenye simu."

Aisee. Nilisimama pale na jiwe mfukoni. Maneno yote yalikuwa yamefika ulimini: kwamba amenyimwa kwa kupendwa, kwamba mzee huyu amejikata kipande cha moyo ili yeye asivutwe. Ningemwambia, angefurahi. Angefurahi, na Januari ileile angeandika barua ya kuacha kazi. Nilimwona waziwazi akiteremka kwenye ndege na sanduku moja dogo.

"Amesema mimi ndiye niliyetoka kwanza," nikamwambia. "Ni zamu yangu. Wewe rudi kazini kwako."

Alinitazama kwa chuki safi kabisa. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nikaona afadhali. Akapanga bakuli kwenye uchaga, akachukua mkoba wake, akamuaga Mwalimu mlangoni bila kuingia, akapanda njia ya barabarani kwa hatua za haraka. Hakugeuka hata mara moja.

Niliporudi ndani, Mwalimu alikuwa amesogea karibu na moto, mikono mitupu juu ya magoti. Alikuwa amesikiliza hatua zile hadi zilipokwisha.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Haya," alisema.

Nikachukua kipande cha kuni, nikachochea moto, nikakaa kwenye kile kigoda cha binti. Nje giza lilikuwa linaingia kwenye migomba na ng'ombe ameanza kulia anataka kukamuliwa. Nikainuka nichukue ndoo, maana yeye asingeweza tena. Nimefika mlangoni, nikamsikia nyuma yangu, taratibu.

"Haya."